Maji ya Chumvi ya Kapteni Chuma

Uvumi ulimfikia mpelelezi kabla ya faili. Aliusikia kwa muuza vocha nje ya kituo, akausikia tena kwa mama anayefagia korido, na alipofika mezani kwake ulikuwa umeshatangulia, umekaa kwenye kiti cha wageni unamsubiri. Eti kuna mwanamke kamnywesha mtoto wa dada yake mafuta ya taa. Alipoona roho haitoki, akamwongezea chumvi. Kisha akamlaza chali, akamshika mikono, mpaka povu likamtoka.

Mpelelezi alikuwa mama mtu mzima, na uvumi wa mtaani aliujua tabia zake. Huwa unanenepa njiani. Ukitoka kwa huyu na kofi, unafika kwa yule na panga. Ndiyo maana huu ulimganda kama kaa la moto kwenye kanga: haukuwa umenenepa. Kila mdomo ulileta vitu vilevile vitatu, mafuta, chumvi na chali. Kwa hiyo kuna mtu aliona kitu. Aliona nini, hilo ndilo hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Mkuu wa kituo ndiyo kabisa hakujisumbua.

"Kesho asubuhi anapanda kizimbani," alisema, huku akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. "Kujaribu kuua. Mtoto yuko wodini, mama mdogo yuko mahabusu, majirani wamesema. Umebakiza nini?"

"Chumvi, mkuu."

"Chumvi ina nini?"

"Nani anaua kwa mafuta ya taa halafu anakumbuka chumvi?"

"Mtu mwenye roho mbaya na jiko."

Alicheka peke yake. Mpelelezi alisubiri kicheko kiishe, akachukua faili. Lilikuwa jembamba, kama mambo yote yanayofanywa na watu wenye haraka ya kwenda kula.

"Una leo tu," mkuu akamwambia mgongoni. "Kesho usiniletee maneno ya hisia."

*

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa mbele meza, jiko la mafuta, cherehani. Upande wa nyuma kitanda. Chini ya meza, palepale ambapo mtoto wa miaka mitatu anafika bila hata kunyoosha mkono, ilikuwepo chupa ya soda ya machungwa, na ndani yake mafuta ya taa. Mpelelezi aliinusa, akaifunga, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi bila kusema kitu. Kifuniko kilikuwa chekundu na kizuri. Mtoto gani angekiacha?

Mezani palikuwa na kikombe cha bati. Ndani, kwenye kitako, chumvi ilikuwa imeganda, nene, na kijiko kimesimama humo kama kwenye uji. Alikwenda nyuma ya pazia. Hapo ndipo aliposimama muda mrefu.

Mito miwili haikuwa kichwani mwa kitanda. Ilikuwa ukingoni, katikati ya upande wa urefu, imepangwa mmoja juu ya mwingine, na sakafuni chini yake palikuwa na doa la matapishi lililofutwa nusu. Mtu alikuwa amelazwa kwa kukingama, mabega juu, kichwa kikining'inia nje.

"Si nilisema?" Jirani alikuwa ameingia bila hodi. Mtaa mzima ulimwita Mama Redio, na yeye aliitikia. "Niliona kwa dirisha hili hili. Kamlaza hivyo, kichwa chini kama mbuzi. Kwa sababu ya cherehani!"

"Cherehani imefanya nini?"

"Ya mama yao marehemu. Dada mtu anaitaka, mdogo mtu hataki kuitoa. Wiki nzima wamenuniana. Unafikiri mtu anaamka tu asubuhi anaua?"

"Ulipoona mtu anaua mtoto, mama, ulifanya nini?"

"Nilikwenda kuwaita wenzangu waje waone."

Mpelelezi alimtazama mpaka yule mama akapata kazi nyumbani kwake.

Cherehani hata hivyo aliikagua. Ilikuwa na nguo chini ya sindano: kaptula ndogo, mfuko mmoja umeshashonwa, wa pili bado. Anayepanga kuua mtoto hamshonei kaptula. Pembeni ya cherehani palikuwa na rundo la vitabu vya riwaya, vya bei ya chini, vyenye majalada ya rangi kali na bastola mbelembele.

*

Mama mdogo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila viatu. Askari mmoja alisimama mlangoni.

"Kaa, mdogo wangu," mpelelezi alisema. "Mtoto alikunywaje?"

"Nilikuwa nje nasuuza nguo. Nikasikia anakohoa. Kuingia, chupa iko wazi, mdomo unanuka."

"Nani aliweka mafuta kwenye chupa ya soda?"

"Sote tunaweka humo. Dada, mimi, wote."

"Ukafanya nini?"

"Nilichotakiwa kufanya. Afande, mimi si mjinga. Huduma ya kwanza naijua."

"Umeisomea wapi?"

Akainua kidevu. "Kwa Kapteni Chuma."

Askari wa mlangoni aliangua kicheko. Mpelelezi hakucheka. Alikumbuka rundo lile la majalada.

"Kapteni Chuma ni mtu wa kwenye kitabu," alisema polepole.

"*Jasusi wa Ghorofa ya Tisa*. Pale wanapomtilia mafuta kwenye kinywaji. Daktari anamlaza chali kwa kukingama kitanda, mito chini ya mabega, kichwa nje. Anampa maji ya chumvi nzito, vikombe vitatu, mpaka anatapika. Halafu anaamka, anawafukuza wale watu mpaka juu ya paa."

"Na mtoto?"

"Hakuamka."

"Mbona hukuwaambia hayo waliokukamata?"

"Niliwaambia nimempa dawa. Wakaniuliza dawa ya nani. Nikasema ya Kapteni. Wakaandika kwamba Kapteni ni mshirika wangu. Mpaka sasa wananiuliza anakaa wapi."

Mpelelezi alifungua faili. Ilikuwepo kweli, kwa mwandiko wa askari yule yule aliyekuwa akicheka: *Mshirika wa pili, jina moja Kapteni, hajapatikana.* Alimgeuzia askari ukurasa ausome. Kicheko kikaisha.

Mama mdogo aliegemea mbele. "Afande, nilikosea wapi? Alinishinda kwenye kikombe cha tatu, hakumaliza. Ningemlazimisha na cha tatu, si angepona?"

Mpelelezi alifunga faili, akaenda hospitali.

*

Daktari wa watoto alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sisi tulijua ni sumu mbili," alisema. "Mapafuni mafuta, kwenye damu chumvi nyingi. Degedege lililompata ni la chumvi. Ndiyo maana niliwaita polisi. Sumu mbili si ajali."

"Na asingemtapisha?"

"Sikuapii. Lakini alikunywa mafunda machache tu. Mara nyingi mafuta yakibaki tumboni tunaangalia na kusubiri. Yakirudi juu yanapotea njia, yanaingia mapafuni, yanaunguza. Sasa wewe umlaze chali, uinue mabega, uning'inize kichwa?" Akatikisa kichwa. "Afande, nikuambie ukweli. Mtu akinituma kummaliza aliyekunywa mafuta ya taa, na isijulikane, hivyo ndivyo ningefanya. Hatua kwa hatua."

"Lakini imeandikwa kama tiba."

"Basi aliyeandika ama ni muuaji, ama ni mpumbavu."

*

Mwandishi wa *Jasusi wa Ghorofa ya Tisa* alijulikana kwa jina la Bingwa, na alijiita hivyo mwenyewe. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya chumba cha mashine ya uchapaji, na kila mashine iliposhusha karatasi kalamu zake ziliruka mezani. Ukutani kulikuwa na picha yake kubwa akiwa ameshika kidevu.

"Dada yangu, karibu! Wewe ni msomaji wangu?"

"Tangu asubuhi."

Alikiweka kitabu mezani, upande wa nyuma juu. Maandishi ya dhahabu yalisema: *Kila tukio limefanyiwa utafiti wa kina.* Ndani palikuwa na shukrani kwa wataalamu wa afya.

"Nataka majina ya hawa wataalamu."

Bingwa alitabasamu. "Unajua, mwandishi ana vyanzo vyake."

"Na polisi wana mahabusu yao. Tunaongea lugha moja. Aliyekwambia aliyekunywa mafuta ya taa analazwa chali na kupewa chumvi ni nani?"

"Ah, hilo! Hilo nilifanyia kazi kweli kweli." Hakuona haya hata kidogo. Aliinuka, akafungua kabati. Bahasha za khaki zilijaa humo, kila moja ina neno moja kwa kalamu nene: *Bunduki. Ndege. Mahakama. Hospitali. Maiti.* "Wenzangu wanaandika kutoka hewani, dada. Mimi hapana. Mimi nasoma. Nikikuta utaalamu popote, nauchukua, nauhifadhi. Nikifika kwenye tukio nafungua bahasha, kazi imekwisha."

Aliimwaga bahasha ya *Hospitali*. Zilikuwa kurasa zilizochanwa kwenye vitabu, kubwa na ndogo, nyingine zina doa la chai.

"Hizi ni riwaya," mpelelezi alisema.

"Riwaya nzuri!"

"Kwa hiyo ulipotaka kujua hospitali inafanyaje kazi, ulikwenda kwenye riwaya ya mtu mwingine."

"Waandishi makini wale. Walifanya utafiti."

"Wao waliupata wapi?"

Huko Bingwa hakuwahi kufika.

Ukurasa wenyewe ulipatikana upesi, kwa kuwa alikuwa ameupigia mstari wa bluu. Juu yake palichapwa jina la kitabu, *Zamu ya Jioni*. Mpelelezi aliusoma kwa sauti, na kila neno lilikuwa ni lile la mama mdogo: muuguzi anamlaza mgonjwa kwa kukingama, mito chini ya mabega, kichwa nje, vikombe vitatu vya chumvi. Mstari wa mwisho ulisema: *Mgonjwa alipoanza kutapika, muuguzi alitabasamu, kwa sababu*

Ukurasa ukaishia hapo.

"Kwa sababu nini?"

"Kwa sababu anapona," Bingwa alisema. "Inaeleweka."

"Inaeleweka na nani? Ukurasa unaofuata uko wapi?"

"Wa nini? Utaalamu wote uko kwenye huu. Kule mbele ni hadithi tu."

Mpelelezi alimtazama yeye, akaitazama ile picha ukutani iliyoshika kidevu, akaona picha ndiyo inaonekana inafikiri zaidi.

"Kitabu chenyewe umekitupa?"

"Nilikirudisha. Nakodi kwa mzee pale kona."

"Umekodi, ukachana, ukarudisha."

"Karatasi moja tu, dada."

*

Mzee wa kona alikodisha vitabu vilivyotumika, vimepangwa juu ya turubai, na watu walimwita Mzee Gundi kwa sababu hakutoka bila kopo lake. Alipolisikia jina la Bingwa alitema mate pembeni.

"Yule panya? Kila anachorudisha kina tundu. Nikimwambia, ananijibu ametunza utaalamu. Kuna hadithi moja kaninyofoa mpaka jina la muuaji. Mteja kanirudia na hasira nusura anipige."

"*Zamu ya Jioni* unacho, baba?"

"Ninacho, nani atakikodi? Kilema." Alichimba chini ya rundo, akakitoa. Mpelelezi alikifungua penye pengo. Kisiki cha karatasi kilikuwa bado kwenye uti wa kitabu, kimechanika kwa mshazari. Akauweka ukurasa wa Bingwa juu yake. Meno yakaingia kwenye meno, na nusu ya herufi moja ikakutana na nusu yake.

Kisha akasoma ukurasa uliofuata, amesimama palepale kandokando ya turubai.

"Mbona umebadilika uso?" Mzee Gundi akamuuliza.

"Nakikodi hiki, baba. Na hakitapungua kitu."

*

Bingwa alikuwa bado hajarudisha bahasha zake kabatini. Mpelelezi hakukaa.

"Soma wewe," alisema. "Kwa sauti, kama unavyosoma ukizindua."

Bingwa akasoma. "*...kwa sababu alijua mafuta yakirudi yatapita njia ya mapafu. Mgonjwa angekufa kabla ya asubuhi, na kila mtu angemshukuru muuguzi kwa jitihada zake. Alikuwa ameshawaua...*" Sauti ikamwishia. Chini, mashine ilishusha karatasi, kalamu zikaruka.

"Endelea."

"Yeye ndiye... muuguzi ndiye muuaji?"

"Kitabu kizima kinahusu hilo, bwana. Mtu alikaa akatunga namna ya kuua inayofanana na tiba. Alifanya kazi yake vizuri, maana daktari wa leo amenieleza vilevile. Wewe ukachana mauaji, ukampa daktari wako, ukaandika nyuma kwa dhahabu kwamba umetafiti. Mwanamke mmoja akakuamini. Mtoto wa dada yake yuko kwenye oksijeni."

Bingwa alijikusanya. Watu wa aina yake hawakai chini muda mrefu. "Dada yangu, naumia kama mzazi. Lakini ile ni hadithi. Nani anachukua tiba kwenye hadithi?"

"Wewe."

Bingwa akakiweka kitabu mezani.

"Ukisifiwa ni utafiti, ukiulizwa ni hadithi. Chagua moja, na uchague sasa hivi, kwa sababu kwenye faili letu kuna mshirika wa pili anayetafutwa, anaitwa Kapteni. Ndiye aliyetoa maelekezo. Mimi nimeshampata anapokaa."

Jasho lilianza kwenye paji, likashuka mpaka kwenye kola. Alitazama bahasha zake moja baada ya nyingine, labda akitafuta iliyoandikwa *Kutoroka*.

"Unataka nini?" akauliza, na sauti ya kuzindulia vitabu ilikuwa imeondoka.

"Maelezo yako, yaliyosainiwa: ukurasa ulitoka wapi, na kwamba uliuandika kama tiba. Halafu kuna karatasi utaichapa hapo chini. Itabandikwa juu ya ule ukurasa kwenye kila nakala iliyobaki dukani. Utabandika wewe, kwa mkono wako."

"Nakala zote?"

"Gundi nimeshakutafutia."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo yale mara mbili, akaulinganisha ukurasa na kisiki chake, akaligeuza kopo lake la chai bila kunywa. Hakuwa na mzaha tena. Mshirika aitwaye Kapteni alikuwa ameandikwa na kituo chake, na saini ya chini ilikuwa yake.

"Kujaribu kuua haisimami," alisema mwishowe, kama anayetoa jino.

"Haisimami, mkuu."

"Karatasi ile ya Kapteni tuitoe."

"Ibaki. Tumechoka na watu wanaotoa karatasi."

Mama mdogo aliachiwa jua likiwa bado juu, akavaa viatu vyake mlangoni. Mpelelezi alimsindikiza hadi hospitali, na njiani alimwambia ukweli wote, pamoja na ule wa kikombe cha tatu. Hakumficha. Mama mdogo alisimama, akashika ukuta, kisha akaendelea kutembea.

Degedege lilikuwa limekoma. Oksijeni bado. Nje ya wodi, mama wa mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi, kanga imemfunika mpaka kichwani. Alimwona mdogo wake akija. Hakumsalimu, hakumtazama. Lakini alisogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Ndani, daktari alikuwa ameshamaliza kuandika alichoombwa. Jioni ile ile mashine ya uchapaji iliichapa, na Bingwa, mikono ya shati imekunjwa, aliibandika juu ya ukurasa wake, nakala kwa nakala:

YA KUEPUKA

Usiweke mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, ya maji, au ya kitu chochote kinachonyweka.

Usiiache chupa ya mafuta mahali mtoto anapofika.

Usimtapishe aliyekunywa mafuta ya taa.

Usimtie vidole kooni.

Usimpe mtu yeyote maji ya chumvi ili atapike, hata awe amekunywa nini.

Usimpe maziwa, wala mafuta ya kupikia, ukidhani yanaua sumu.

Usimlaze chali.

Usimwache na nguo iliyomwagikiwa mafuta.

Usisubiri uone kama atazidiwa. Nenda hospitali hapo hapo, na chupa uibebe.

Usifuate tiba ya hadithi yoyote. Hata hii.